Kombo Ufito Akataa Msamaha

Hapo zamani, uwongo ulipokuwa ukipanda farasi na ukweli ukienda kwa miguu, palikuwa na sultani aliyewapenda raia zake, ila alipenda zaidi kukaa kitini. Akamwamuru liwali wake, Sefu bin Mbaraka, awachimbie kisima watu wa Kikaukoni, maana wanawake wa huko walitoka alfajiri kwenda kuteka maji, wakarudi jua la utosi.

Liwali akajenga ukingo mzuri wa mawe, akaupaka chokaa ukang'aa, kisha akachoka. Wakaja wakaguzi wa Sultani. Na wakaguzi wa zama hizo, Mungu awarehemu, desturi yao ilikuwa kula kwanza na kukagua baadaye. Wakala pilau kwa liwali, wakanawa kwa maji ya mtungini, yaleyale yaliyotoka mbali vichwani mwa wanawake, wakautazama ukingo kwa mbali, wakarudi wakasema, "Bwana wetu, maji ya kisima kile ni matamu!"

Basi Kombo Ufito, fukara asiye na mbele wala nyuma, mkewe Mize alikuwa akibeba mtungi na mimba kubwa. Kombo akamwonea uchungu, akaenda barazani kwa Sultani akasema, "Bwana wangu, kisima kile ni kikavu."

"Mwongo huyu!" akaruka liwali. Na wakaguzi wakaapa.

Sultani akaghadhibika. "Kombo, umeitukana kazi yangu. Kesho adhuhuri utatoswa katika kisima hichohicho mpaka ufe maji, nami nitakuja kutazama."

"Hewalla, bwana wangu," akasema Kombo.

Liwali uso ukamsawijika. Akapiga magoti. "Msamehe, bwana! Maskini, mkewe mjamzito!"

"Sitaki msamaha," akasema Kombo.

"Basi na atoswe baharini!" akalia liwali.

"Lo! Bwana amesema kisimani, na neno la sultani halirudi nyuma."

Jamani, mlishaona wapi mshitaki akimlilia mshitakiwa, naye mshitakiwa akigombania kifo chake?

Kesho yake Sultani akaenda Kikaukoni. Kombo akainuliwa, akatoswa. Haikusikika chubwi, ilisikika pu! Tazama, Kombo kasimama humo, mabega yako juu ya ukingo, anajipangusa vumbi.

"Bwana wangu, mimi niko tayari kufa, ila kisima hakiko tayari kuniua. Mwamuru liwali alete maji."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Kisha akamwona Mize akija na mtungi kichwani, anahema, miguu imejaa vumbi, na kicheko kikamkauka.

Akamfutia Kombo hukumu. Liwali na wakaguzi akawatia shimoni na majembe, akasema, "Pilau mtapikiwa, lakini kwa maji ya kisima hiki tu."

Wallahi, walichimba! Mize alipojifungua, mtoto akaogeshwa kwa maji ya hapohapo.

Naye Kombo akafanywa mkaguzi wa nchi nzima. Kila alikofika, wenyeji humwambia, "Karibu chakula, bwana." Naye hujibu, "Ahsanteni. Nitoseni kisimani kwanza."