Gitaa la Rangi ya Chai Changa

“Rangi haiombi radhi.”

Kila jioni, kabla ya chakula, Bibi Sekela alikaa barazani na ungo wake akichambua maharage, na kila jioni wajukuu zake wawili walikaa naye, kila mmoja na fungu lake. Jioni hiyo Atupele alichelewa kutoka. Alikuwa ndani akimpigia pasi dada yake Furaha sare zote za shule, hata zile zisizokuwa na mikunjo, kwa sababu mchana alikuwa amemcheka mbele ya wenzake, na tangu hapo dada mtu hakusema naye. Alipotoka na nguo zile na kumwekea Furaha mapajani bila neno, mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo, naye akatamka maneno hayo matatu.

“Nani kapaka rangi, Bibi?” Furaha aliuliza. “Hizi ni nguo.”

“Ndiyo maana nasema.”

“Hiyo haimo kwenye kitabu chetu cha methali,” alisema Atupele.

“Haimo. Ni ya hapa hapa kwetu. Wenyewe niliwajua kwa majina, na mmoja wao alikuwa akinigombeza kila Jumamosi kwamba sauti yangu inapanda. Sogeza maharage yako hapa, Atupele, ukae. Nitawaambia ilikotoka.”

Huku Rungwe mvua ikiaga leo, kesho hurudi kuchukua ilichosahau. Katika miaka ambayo Bibi Sekela alikuwa binti wa sauti ya pili, kanisa la kijiji lilikuwa na kwaya iliyosifiwa hadi ng’ambo ya mlima, na kwaya hiyo ilisimama juu ya wanaume wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Gwakisa, aliyefundisha watoto hesabu siku za kazi na kuwafundisha wakubwa nyimbo siku za Jumamosi. Mwingine alikuwa Ipyana, mfugaji wa ng’ombe wa maziwa, mpigaji wa gitaa la besi. Gitaa lilikuwa lake mwenyewe. Alilipata kwa kutoa mtamba wake mzuri kuliko wote, na watu walipomcheka alisema mtamba hula majani, gitaa halili.

Walikuwa marafiki tangu utoto. Asubuhi Ipyana alipopeleka maziwa alipitia kwa Mwalimu, wakanywa chai wamesimama, wakabishana juu ya wimbo fulani, wakaachana. Gitaa lile lilikuwa jeusi, limebanduka kingo zote. Siku moja Ipyana alisema kwamba kama angekuwa na muda angelipaka rangi ya chai changa, ile kijani ya jani linalofunguka asubuhi. Mwalimu alicheka, lakini neno hilo alilikumbuka.

Mwaka huo kwaya ilijiandaa kwenda kuimba kwenye mkutano mkubwa. Jumamosi ya mwisho ya mazoezi Ipyana alikosea mahali pa kuingia. Mwalimu akasimamisha wimbo. Wakaanza upya, akakosea tena. Mara ya tatu Mwalimu, ambaye hakuwa amelala vizuri wiki nzima kwa hofu ya mkutano, aliweka kijiti chake chini akasema mbele ya watu wote:

“Ipyana, hivyo vidole ulivyozoea kukamulia vimekufa, au? Wapishe wenye uhai.”

Watu walicheka. Sekela pia alicheka, na jambo hilo hakulificha alipowasimulia wajukuu zake. Ipyana alichomoa waya, akalilaza gitaa juu ya benchi taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akachukua kofia yake, akatoka. Hakurudi.

Siku ya tatu ndipo habari ilipofika. Majuma mawili kabla ya hapo Ipyana alikuwa amepatwa na kiharusi kidogo usiku, kikamwachia ganzi mkono wa kushoto. Alikuwa amemficha kila mtu isipokuwa mkewe Tusajigwe, kwa sababu alitaka kwanza mkutano upite.

Mwalimu aliposikia, aliingia kanisani peke yake, akalichukua gitaa, akaenda nalo nyumbani. Alitaka kwenda kwa Ipyana siku ile ile. Alifika hadi kwenye migomba ya mpakani, akasimama, akajaribu kuyapanga maneno kinywani, yakamkataa. Alikuwa mtu wa kuwasahihisha wengine. Njia ya kusema “nilikosa” hakuwa ameizoea. Akarudi. Na alipokuwa akirudi ndipo alipokumbuka rangi ya chai changa, moyo ukamtulia. Angelitengeneza gitaa liwe zuri kuliko lilipokuwa jipya. Angelipeleka. Ipyana angeliona, angeelewa, na pasingekuwa na haja ya kusema mengi.

Akafungua nyuzi, akafungua skrubu nne za shingo, akatoa sumaku za kunasa sauti na waya na kuzichora kwenye karatasi asije akasahau mahali pa kila kimoja. Kikabaki kiwiliwili kitupu. Akaketi nyuma ya nyumba akikikwangua kwa kipande cha kioo, kisha kwa msasa. Rangi nyeusi ilikuwa nene kama ganda. Mikono yake ilikuwa ya chaki, ikatoka malengelenge, na kila lengelenge alilihesabu kama neno alilokwisha kulisema.

Juma la pili Tusajigwe alikuja. Mwalimu alimwona kwa mbali, akafunika kiwiliwili kwa gunia.

“Shemeji, Ipyana anaomba gitaa lake,” alisema Tusajigwe, baada ya salamu.

Mwalimu akadhani rafiki yake anataka kuchukua kilicho chake ili waachane kabisa. “Mwambie asubiri kidogo, shemeji. Siku chache tu. Kuna kitu nakimalizia.”

Tusajigwe alimtazama, akasema sawa, akaondoka.

Mwalimu hakujua, nanyi mjue sasa: hospitalini walikuwa wamemwambia Ipyana kwamba mkono ule haujafa, umelala tu. Aushughulishe kila siku, kidole kimoja kimoja, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu kisichoamshwa mapema huenda kisiamke tena. Walimpa mpira wa kufinya. Ipyana akacheka, akamwambia mkewe, “Kaniletee gitaa. Mpira huu hauna wimbo. Nitaufinya mara tatu niuchoke.” Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa mtu asiyeweza kufanya jambo lisilo na wimbo ndani yake.

Mwalimu alipaka rangi siku ya ukungu. Alfajiri aliikuta imekunjamana kama utando wa maziwa. Akaikwangua yote. Akapaka tena, na kwa kuwa nje palikuwa na mvua, akakitundika kiwiliwili jikoni, juu ya kichanja cha mahindi, kipate joto la moto. Rangi ikakauka vizuri, na masizi yakakauka nayo, madoa meusi kila mahali. Akaikwangua tena.

“Mwalimu,” alisema mkewe, “hilo gitaa limebadilisha nguo mara nyingi kuliko mimi. Umekwenda kumwona Ipyana?”

“Nitakwenda nalo.”

“Miguu yako haijui njia bila gitaa?”

Mwalimu akachukua msasa. Mwezi wa pili wa kazi hiyo alikutana na Tusajigwe kwenye kituo cha maziwa, kwani sasa ndiye aliyeyapeleka. “Mwalimu, lile gitaa,” alisema, na safari hii hakumwita shemeji. Mwalimu akamwambia linakuja, limekaribia. Tangu hapo hakuuliza tena.

Mvua zilipopungua, rangi ilishika. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu, kila moja likingoja wiki nzima, kisha vanishi. Miezi minne ilipokwisha, gitaa lilikuwa limerudishwa nyuzi, kijani kibichi kinachong’aa, kama jani lililotoka kuguswa na umande. Mwalimu alilifunga ndani ya kitenge cha mkewe na kwenda nalo. Kwenye migomba ya mpakani hakusimama.

Ipyana alikuwa ameketi sebuleni, mkono wa kushoto umelala pajani ndani ya sweta. Alipolifunua gitaa uso wake ulifunguka.

“Ndiyo ile rangi,” alisema.

“Ndiyo ile.”

Alilipapasa kwa mkono wa kulia, juu hadi chini, akageuza akatazama mgongo. 

“Mmempata nani?”

“Wa nini?”

“Wa kulipiga. Usinifiche, Mwalimu, sina kinyongo. Ng’ombe haogeshwi siku ya kukamuliwa. Huogeshwa siku anayoondoka.” Akatabasamu. “Basi nimwombe huyo kijana asiliache juani. Na uzi wa tatu hulegea, auangalie.”

“Ni lako, Ipyana. Lijaribu.”

Ipyana alilipakata. Kwa mkono wa kulia aliuinua wa kushoto, akauweka juu ya shingo ya gitaa kama mtu anayempandisha mgonjwa kitandani. Vidole vililala juu ya nyuzi visizikandamize. Akapiga uzi mmoja mtupu, ukalia chini kwa chini, akauacha ulie mpaka ukaisha wenyewe.

“Huo naumudu,” alisema. “Mkipata wimbo wa sauti moja, niiteni.”

Hapo ndipo Mwalimu alipaswa kusema. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango. Badala yake alisema Mungu ni mwema, atapona tu, akaisifu chai, akaaga.

Tusajigwe alimsindikiza. Walitembea hadi mwisho wa migomba.

“Lile zoezi la vidole,” Mwalimu alisema, “hafanyi?”

“Alitaka kulifanya kwa gitaa. Hospitali walisema miezi ya mwanzo ndiyo ya kazi. Nilikuja kwako, nikakuuliza tena kwenye kituo cha maziwa.”

Mwalimu alisimama. “Kwa nini hukuniambia ni la nini?”

“Nilijua unajua anaumwa. Nikadhani mtu akiomba kilicho chake mara mbili, inatosha.”

“Nilitaka liwe zuri kwanza, shemeji. Nilikuwa naomba radhi.”

“Kwa nani? Sisi hatukusikia.”

“Ile kazi yote. Nimeikwangua mara tatu. Ile rangi ndiyo…”

“Alikuwa anasubiri neno,” alisema Tusajigwe. “Kila mbwa alipobweka alitazama mlango. Wewe ulikuwa unasubiri ikauke. Rangi haiombi radhi, shemeji.”

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuonyesha kwamba mvua inakuja, huku akijifunga kitenge vizuri.

Kwetu mgeni aliyekwisha kusindikizwa harudi nyuma. Ni kama kumwaga maji uliyokwisha kuteka. Mwalimu Gwakisa aligeuka, akapita mbele ya Tusajigwe, akarudi kwa njia ile ile. Jumapili iliyofuata aliyarudia maneno yake mbele ya kwaya nzima, palepale alipomtukana mwenzake, na ndiyo maana Sekela na wenzake waliokuwepo waliyajua. Lakini mara ya kwanza aliyasema sebuleni kwa Ipyana, amesimama mlangoni na matope miguuni, naye Ipyana bado alikuwa na gitaa mapajani, anajaribu kukikunja kidole cha shahada, nacho hakikunjiki.

“Umesahau nini?” Ipyana aliuliza.

“Nilikuvunjia heshima mbele ya watu,” alisema Mwalimu. “Nilisema vidole vyako vimekufa, navyo vilikuwa vinaumwa tu. Nilikosa. Niliogopa kuja kulisema hilo, nikakaa miezi minne nalipaka rangi, na ile miezi ilikuwa ya vidole vyako. Siwezi kukurudishia. Ndugu yangu, rangi haiombi radhi. Nimekuja kuomba mwenyewe.”