Shogi la Njechele na Mbuzi wa Sikio Moja

Hapo zamani, wala si ile zamani ya majini na simba wasemao Kiswahili fasaha, bali zamani ya karibuni ambayo ukinyoosha mkono unaigusa kisogo, palikuwa na fundi katika kijiji cha Namatunda, jina lake Mwinchande. Kazi yake kushona shogi. Shogi mnalijua: mifuko miwili iliyoungana, anayotwishwa punda, mmoja huku, mmoja kule. Lakini Namatunda punda hawakuwapo, mbung'o waliwamaliza. Punda wa Namatunda alikuwa baiskeli, na shogi la Mwinchande lilipandishwa juu ya keria, likaning'inia pande mbili za gurudumu la nyuma kama mashavu ya mtu aliyenuna.

Alishona kwa turubai la lori, tabaka mbili. Alishona kwa shazia, ile sindano ya magunia, ndefu kama kidole cha mchawi. Uzi aliuburura kwenye nta ya nyuki mpaka ukawa mgumu kama jibu la mkwe. Na kila tundu uzi ulipita mara mbili: kwanza kwenda, kisha kurudi kutazama kama wa kwanza umefika salama.

Bei yake? Mbuzi jike.

"Mbuzi!" watu walipiga ukelele. "Kwa mfuko? Huo mfuko unanyonyesha?"

Maana gulioni mfuko wa nailoni ulipatikana kwa kuku mmoja. Kweli, mfuko huo ulikufa kabla kuku huyo hajataga, lakini mtu akinunua rahisi hujiona mjanja, na akiumwaga mzigo njiani husema ni bahati mbaya.

Basi Mwinchande akaona awakate maneno. Akasimama barazani, shazia mkononi, akaapa mbele ya watu: "Shogi langu likifumuka kazini kabla baiskeli yako haijafa, mbuzi wako anarudi kwako, yeye na uzao wake wote! Kasema Mwinchande!"

Mkewe, Bi Somoe, alikuwa pembeni akichambua mchicha. Akainua kichwa. "Baba Hadhara, punguza. Huo uzao utaulisha wewe?"

"Mke wangu, mshono wangu haujawahi kufumuka."

"Mshono haujawahi. Mdomo wako ndio haujawahi kushonwa."

Sasa anaingia Njechele. Njechele alikuwa mchuuzi wa chumvi. Aliinunua kwenye majaruba ya pwani, yale mashamba ya chumvi, akaipakia kwenye baiskeli, akaenda kuiuza bara. Alikuwa bahili wa kupigiwa mfano: akipiga chafya, hutazama chini kuona kama kuna kilichodondoka. Mifuko ya nailoni ilikuwa imemtia hasara mpaka mto wa hapo kijijini ukaanza kuwa na ladha. Akalitaka shogi. Mbuzi, hana.

Lakini mkewe, Sikudhani, alikuwa naye. Mbuzi huyo alipewa na mama yake mzazi siku alipojifungua mtoto wa kwanza. Ni kweli alikuwa na sikio moja, jingine lilikwenda na fisi. Ni kweli alikohoa. Ni kweli mabeberu walipita mbele yake kama watu wanaompita mdai wao. Njechele akamtazama, akasema moyoni: "Huyu ni maiti anayetembea. Bora afie kwa fundi." Akangoja Sikudhani aende kisimani, akamfungua mbuzi, akampeleka kwa Mwinchande.

Sikudhani akarudi na ndoo kichwani. "Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Nimemwekeza, mke wangu."

"Umemwekeza wapi?"

"Kwenye keria."

Msimu mzima Njechele alicheka peke yake njiani. Shogi jipya, chumvi kavu, na fundi kaachiwa mgonjwa! Alicheka kupanda, akacheka kuteremka.

Kumbe Bi Somoe hakujua kwamba amepewa maiti. Alimchemshia majani, akamlaza nyuma ya jiko penye joto, akamwongoza kwa kamba hadi kijiji cha jirani kwenye beberu asiyechagua. Mbuzi akazaa mapacha. Akazaa tena mapacha. Binti zake nao wakaona ndiyo mila ya ukoo, wakazaa mapacha. Zizi likajaa, likapanuliwa, likajaa.

Na ilikuwa heri, kwa sababu ufundi wa Mwinchande ulikuwa unamuua kwa sifa. Shogi zake hazikuchanika, kwa hiyo aliyenunua hakurudi, kama aliyezikwa. Kijiji kizima kilimsifu, na hakuna aliyemletea kazi. Fundi bora kuliko wote akawa anakunywa maziwa ya mbuzi wa mkewe na kusimulia mishono.

Njechele akawa anapita hapo kila alfajiri na chumvi yake. Siku moja akatazama zizini. Akamwona mama mwenye sikio moja, amenenepa, amezungukwa na wajukuu. Akaacha kucheka, akashuka kwenye baiskeli. Akakumbuka kiapo: yeye na uzao wake wote.

Tangu siku hiyo, waungwana, mtu aliyetoa mbuzi ili apate mfuko usiochanika akaanza kuuombea mfuko uchanike.

Kisu hakikufaa. Fundi angeutambua mkato wa kisu kama mama anavyomtambua mwanawe. Lilitakiwa lifumuke lenyewe, kazini. Basi Njechele akazidisha mzigo. Akapakia chumvi mbichi inayodondosha maji. Tairi likapasuka. Shogi, kimya. Akaongeza mawe chini ya chumvi. Spoku zikakatika. Shogi, kimya. Akapakia jiwe la kusagia huku, na fuawe la mhunzi kule. Fremu ikapinda kama bibi anayetafuta sindano. Shogi, kimya kabisa, limenuna vilevile.

Na hapo ndipo penye utamu. Chumvi hula chuma, turubai haigusi. Baiskeli ilikuwa inakufa na shogi linanawiri. Baiskeli ikifa kwanza, kiapo kimekwisha! Kwa hiyo Njechele, bahili yule, akawa anakimbiza baiskeli kwa fundi baiskeli kama mgonjwa wa kifafa. Leo gurudumu, kesho cheni, keshokutwa usukani. Fremu akanunua nyingine.

"Bwana Njechele," fundi baiskeli alimwambia, "wenzio hununua baiskeli. Wewe unanunua vipande mpaka baiskeli ione haya ijitokeze yenyewe."

Nyumbani nako moto. Jioni moja Sikudhani alipakua ugali na samaki, akaipeleka sahani mbele ya shogi.

"Mke wangu, na mimi?"

"Aliyekula mbuzi wangu ndiye anayejua kula. Mkaribishe na maji ya kunawa." Kisha akakaa, na sauti yake ikawa haina mzaha. "Baba, nisikilize. Mama anakuja baada ya mavuno. Ataulizia mbuzi wake. Sitamwonyesha mfuko. Mbuzi asiporudi, mama akiondoka naondoka naye."

Njechele hakulala vizuri tena. Mavuno yakaisha, na mkwe akaja kweli, lakini hakuja kutembea. Alikuja msibani. Mjomba wa Njechele, Mzee Kindamba, alikuwa amefariki.

Sasa, ukoo wa Njechele una watani wake tangu mababu. Na mtani mnamjua: hakasirikiwi, hashitakiwi, na kwenye msiba ndipo anapojidai. Akikizuia kitu cha wafiwa, hakuna wa kumnyang'anya, kitakombolewa kwanza ndipo aachie. Mkubwa wa watani hao alikuwa Likwata, jitu la mwili, ambalo likikaa kwenye mkeka mkeka huomba radhi.

Maiti akaswaliwa, jeneza likainuliwa, watu wakashika njia ya makaburini. Ghafla Likwata akajitokeza na baiskeli ya Njechele, shogi juu yake, akaikingamisha katikati ya njia.

"Hapiti mtu! Huyu marehemu alinilia kuku wangu mwaka ule wa nzige. Leo namzuia. Nataka mbuzi!"

"Mtani, tupishe," Njechele akasihi, "mbuzi sina."

"Huna? Basi mjomba arudi ndani akale chakula cha mchana!"

Wafiwa wakaangua kicheko katikati ya kilio, maana ndiyo kazi ya mtani. Likwata akaona amepata hadhira. Akajitumbukiza ndani ya mfuko mmoja wa shogi, miguu nje, akaanza kulia kama kichanga: "Mjomba! Umeniacha bado nanyonya!" Watani wenzake wawili wakaiegemeza baiskeli isianguke, wakamsukuma. Gurudumu likaguna. Likwata akajirusha juu kwa uchungu wa yatima, akashuka na uzito wake wote.

Mrrraaa!

Mshono ukaachia kutoka juu hadi chini. Likwata akakaa mchangani, shogi limemvaa shingoni.

Njechele, mfiwa mkuu, akaruka juu. "Limefumuka! Allah! Limefumuka!" Akacheza. Akacheza mbele ya jeneza la mjomba wake, akapiga vigelegele kama mwanamke, mpaka shehe akafumba macho.

"Mwinchande uko wapi? Lete mbuzi! Yeye na uzao wake wote!"

Fundi alikuwa mmoja wa wabebaji wa jeneza. Akampa mwingine bega lake, akaja, akainama, akaupapasa mshono kama anayempapasa marehemu wa pili. Machozi yalimlenga. Kisha akaitazama baiskeli, na machozi yakarudi yalikotoka.

"Nimeapa kabla baiskeli haijafa," akasema. "Baiskeli uliyokuja nayo kwangu iko wapi? Fremu umebadilisha. Magurudumu umebadilisha. Usukani, cheni, kiti, keria. Kilichobaki cha zamani ni kengele. Na kengele si baiskeli, kama vile kikohozi si mtu. Baiskeli yako ilikwisha kufa zamani, ndugu yangu. Shogi langu limeizika."

"Imekufa nini? Juzi nimetoka nayo pwani na chumvi!" Njechele akaipiga kengele, krin krin. "Maiti hujibu? Nawe mwenyewe, meno uliyozaliwa nayo yako wapi? Tukuzike pamoja na mjomba? Baiskeli ilikuwa mgonjwa, nimeitibu kwa jasho langu. Kiapo ni kiapo!"

Bi Somoe akapenya katikati ya wanaume, mtandio kiunoni. "Ngojeni. Aliyeapa ni nani? Mume wangu. Mimi siku hiyo nilikuwa nachambua mchicha, nikamwambia apunguze. Na kilicholetwa kwangu kilikuwa mbuzi? Kilikuwa mifupa imevaa ngozi. Nani alimlaza nyuma ya jiko? Nani alimvuta kwa kamba hadi kwa beberu? Shogi lilishonwa na mume wangu, mumchukue huyo mume. Mbuzi wameshonwa na mikono hii."

"Dada Somoe, mikono yako naiheshimu." Huyo alikuwa Sikudhani. Nyuma yake alisimama mama yake na kifurushi chake kichwani, kama mtu anayengoja gari. "Lakini mume wangu alitoa kisicho chake, na mume wako akapokea bila kuuliza. Mbuzi wa mama yangu hakuuzwa, alichukuliwa nikiwa kisimani. Kitu cha watu kikizalia kwako, kimekuwa chako?"

"Na ulipokuwa unamwona zizini kwangu siku zote, mwenzangu, mbona hukusema? Ulikuwa unangoja nikulishie?"

"Nilinyamaza kwa heshima ya ndoa."

"Heshima haijazaa pacha hata mmoja!"

"Mnapiga kelele msibani," akasema Likwata kutoka mchangani, shogi bado limemvaa. "Niulizeni mimi. Huyu Njechele kahangaika na mawe, na jiwe la kusagia, na fuawe. Imeshindikana. Yamekuja makalio ya Likwata, yameweza kwa mara moja. Bila mimi leo hii mngegombea nini? Na mnajua mila: nilichokizuia msibani hakiachiwi bure. Nilizuia njia. Sasa nalizuia na zizi!"

Watu wakacheka. Kisha wazee wawili watatu wakaacha kucheka, wakatazamana, maana mila ni mila.

Njechele akageuka huku na huku. Akipewa mbuzi, mkewe atasema ni wa mama, lakini angalau mke atakaa. Asipopewa, kifurushi kile kitaondoka kichwani mwa mkwe na kingine kitaondoka kichwani mwa mke. Na kabla ya hayo yote, Likwata habanduki njiani mpaka apewe mbuzi wa kumkomboa mjomba, na hakuna awezaye kumtoa mbuzi zizini mpaka ijulikane mbuzi ni wa nani.

"Jamani," shehe akaita kwa sauti ya mtu aliyechoka, "maiti!"

Basi ndugu zangu, mmesikia wote. Yupo mchuuzi aliyeponya baiskeli ili aue shogi. Yupo fundi ambaye shogi lake liliishi kuliko baiskeli. Yupo mwanamke aliyefuga, na mwanamke aliyenyang'anywa, na mtani aliyekaa. Jua limepanda, mabega ya wabebaji yanauma, na Mzee Kindamba, ambaye hakuwa na mbuzi wala shogi wala neno katika haya, bado yuko hewani kati ya nyumba na kaburi. Jibuni upesi tupate kuzika: wale mbuzi ni wa nani?