Amiba na Fundi wa Ukutani

"Wenye masikio mpo?"
"Tupo, midomo tumefunga!"
"Nimeleta uongo."
"Umimine, tutauchuja!"

Alfajiri, katika dimbwi lililobaki kwenye unyayo wa nyati, Bwana Amiba alimeza karibu ukoo mzima wa bakteria. Jua lilipochomoza, alikuwa hoi.

Amiba ndiye aliyekuwa mkubwa dimbwini. Hakuwa na mdomo wala mkono. Mwili wote tumbo. Alijiburura, buru, buru, akikuta kitu anakizingira, ng'wam! Kwisha.

Katika ukoo ule alibaki mmoja, Siti Bakteria. Amiba akamzingira pande tatu.

"We kidudu," akasema, "nyinyi mnakula makombo, mnakimbia kutwa. Mimi nakula nyinyi, nahema. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya saitokromu, mjomba."

"Ndiyo nini?"

"Uzi wa protini uliofungiwa pete yenye chuma. Ukiwa nazo, hewa inakupa nguvu. Usipokuwa nazo, unahema tu."

"Basi nakumeza, nizipate."

"Asubuhi umemeza shangazi zangu wote, na saitokromu zao. Umepata?"

Amiba akalikagua tumbo lake.

"Tumbo lako linasaga, mjomba. Halichagui."

Amiba akafikiri. Hakuwa na mazoea nako, kukamchukua muda. "Anayezitengeneza nani?"

"Fundi. Yule pale ukutani."

Kweli, katika utando uliomzunguka Siti walikaa mafundi, nao ni protini pia. Kila mmoja kichwa nje, miguu ndani, kiwiliwili kimezama ukutani. Fundi hupokea pete kutoka ndani, huivusha ukuta, huunyoosha uzi usijikunje, kisha hufunga. Fundo, kaza! Fundo, kaza! Saitokromu tayari.

"Nipe fundi," Amiba akasema.

"Chukua. Ninao wengi."

Fundi akatoa macho. "Dada Siti! Unanitoa mimi?"

"Nenda, kaka. Huko hutatakiwa kufanya chochote."

Amiba akamng'oa, pwachu! Fundi kuguswa na maji tu, akajikunja, akajiviringa, akawa donge. Amiba akalitikisa. Donge halikufunga pete wala uzi.

"Umenipa fundi mbovu!"

"Alikuwa mzima ukutani. Kiwiliwili chake hakipatani na maji, mjomba. Ukimtoa utandoni, hana umbo. Akikosa umbo, hana kazi."

"Basi nipe ukuta."

"Ukuta ukipasuka, unavuja. Uchukue mzima."

"Nitauchukua mzima! Na ndani ya ukuta mna nini?"

"Mimi."

Wasikilizaji, chekeni polepole, Amiba asisikie.

Amiba akamtazama Siti. Siti akatazama maji.

"Ujanja wako nimeujua," Amiba akasema. "Unataka nikuache nje, fundi abaki na wewe. Hapana! Utaingia!"

"Mjomba, nionee huruma!"

"Utaingia, na tumbo sitalisagisha. Utakaa humo ufanye kazi mpaka ukome!"

"Jamani, mjomba!"

Ng'wam! Safari hii polepole, kama anayemeza yai bila kulivunja.

Tumboni Siti akajipapasa. Ukuta mzima. Mafundi wamo, kasoro mmoja. Fundo, kaza! Fundo, kaza! Amiba akahisi nguvu zinampanda. Akajiburura dimbwi zima, buru, buru, buru, akitangaza: "Nimefunga mtumwa! Yumo ndani, ananifanyia kazi!"

Sauti ikatoka tumboni: "Mjomba, mtumwa ana njaa."

Amiba akakimbia kutafuta chakula.

Akarudi. "Mjomba, leo hukuleta sukari." Akakimbia tena.

Akarudi. "Mjomba, tumejifungua. Sasa tuko wawili." Akakimbia zaidi.

Majirani wakamuuliza, "Bwana Amiba, mbona hupumziki?"

"Mwenye mtumwa hapumziki," akajibu. "Nyinyi hamna, hamwezi kujua."

Siku moja alichoka, akawaza kumsaga Siti yaishe. Tumbo likaanza, gru, gru. Siti akawaambia mafundi waache kazi. Pete zikasimama, nyuzi zikalala. Amiba akahema, akalegea, akasikia mwili wake unaanza kuzama topeni.

"Mwanangu," akaita, "nilikuwa nakuna tumbo tu."

"Najua, mjomba. Na sukari?"

"Naifuata."

Fundo, kaza! Fundo, kaza!

Uongo wangu mmekwisha kuumeza, uliowakwama, tafuneni. Funzo lake, watoto, ni hili: wadogo wawashukuru wakubwa, kwa kuwa wakubwa huwaweka ndani, huwalinda na kuwalisha, wala hawataki kitu. Na fundi aking'olewa, kosa ni lake, asingejikunja.

Mara ya mwisho kuonekana, Amiba alikuwa akijiburura kuelekea ukingo wa dimbwi, kutafuta chakula cha watumwa wanane.