Kisima Kisichokuwa na Kibali

Niiteni mwongo basi! Semeni huyu hata darasa la saba hakumaliza, sheria ataijulia wapi? Haya. Hapo zamani, tena si zamani sana, mji wa Kwemilulu ulikuwa na kiu. Akaja Nakunda, mjane mwenye mashine ya kuchimba visima. Hana mtoto, hana ndugu, ana mashine.

Kilave, mwenyekiti wa halmashauri, akamwambia, "Mama, chimba. Tutakulipa kidogo kidogo, miaka mitatu." Akasaini, akagonga muhuri, paa! Sheria ilitaka kwanza kibali cha waziri. Hakukiomba.

Nakunda akaiweka mashine rehani benki, akanunua mabomba na pampu, akachimba. Siku arobaini mwamba mtupu, siku ya arobaini na moja, maji. Vigelegele!

Malipo? Thubutu! Akaenda mahakamani. Jaji akasema kulipa kwa miaka mitatu ni kukopa, na halmashauri ikikopa bila kibali, hapo hakuna mkataba. Benki ikabeba mashine. Nakunda akabaki uani, anatazama alama za matairi, anasikia ndoo za wenzake zikigongana kisimani. Hakuna aliyepita kumsalimu. Waliona haya.

Asubuhi moja akachukua spana, akaenda kisimani. "Kama hakuna mkataba, pampu ni yangu. Naing'oa."

"Dada, utatuua!" wakalia akina mama. "Sisi tulisaini wapi?"

Kilave akasema, "Watoto walikuwa wanaharisha. Ningengoja barua mwaka mzima, ningezika wangapi?"

Shekalaghe, mwanasheria wa halmashauri, akasema, "Sheria ile inamzuia mtu mmoja kuuweka mji mzima rehani. Leo kisima, kesho soko."

Nakunda akawatazama. "Nyote mna haki. Mimi tu ndiye sina?"

Mbona mnanuna? Tulieni, kuna kipande nilikificha, maana mngemhukumu Nakunda upesi. Siku ya tatu ya kuchimba, Shekalaghe alimpigia simu: "Mama, simamisha. Kibali hakuna." Sasa, Kwemilulu wana desturi: mchimba kisima hali peke yake mpaka maji yatoke. Kila mchana wanawake walimzunguka, sinia moja, wakimtania mpaka anapaliwa. Tangu amzike mumewe, Nakunda alikuwa anakula amesimama. Akaizima simu, akawasha mashine.

Je, nani alistahili kuibeba hasara ile? Na pampu, aing'oe?