Risasi za Nyati

Ndugu zangu, kulikuwa na mwindaji aliyejitengenezea risasi zake mwenyewe. Alijaza baruti kwenye ganda, akapachika kichwa cha risasi, halafu akaubana mdomo wa ganda kwa mashine ya mkono ili kichwa kisicheze. Risasi za mazoezi alizibana kidogo tu, na kwa hizo alikuwa akitoboa vibuyu kwa mbali huku watu wakimshangilia.

Ikaja habari kwamba nyati mkali ameua mtu. Mwindaji akaogopa, ingawa mdomoni hakukiri. Akatengeneza risasi mpya, na hizo akazibana kwa nguvu zake zote, mpaka meno yakasagana.

"Shemeji, mbona unazikamua hivyo?" akauliza kaka wa mkewe.

"Nyati si kibuyu, bwana! Wewe beba hizo za mazoezi, ukatishie nyani."

Kesho yake wakamwona nyati ng'ambo ya bonde, anawaelekea wanawake waliokuwa wakivuna mtama. Mke wa mwindaji alikuwa miongoni mwao. Mwindaji akalenga, akafyatua. Vumbi likatimka kushoto. Akafyatua tena, likatimka kulia. Jasho likamtoka. Niambieni, mkono ulikuwa umebadilika? Bunduki ilikuwa nyingine?

"Chukua hizi!" shemeji akamwambia.

"Hizo za vibuyu?"

"Chukua! Dada yangu yuko kule!"

Akachukua. Risasi moja tu, nyati chini.

Mnaona? Zile alizozitegemea alikuwa amezikamua mpaka vichwa vikaharibika umbo, hiki hivi, kile vile, kila kimoja kikatoka kinayumba kwa njia yake. Hofu ndiyo iliyokuwa inabana siku ile, na nusura imuulie mke wake.

Sasa tuje kwetu. Mtoto akiwa mdogo tunacheka naye, tunamwonya, anasikia. Akibalehe tu, tunaingiwa na woga. Simu tunapekua na kumnyang'anya, marafiki tunafukuza, akichelewa dakika tano ni kesi ya ukoo mzima. Tunasema ni mapenzi. Kisha anakwenda upande, na sisi tunaulizana amerogwa na nani! Nani amemroga, mama? Nani, baba? Usiangalie chini, nasema na wewe.

Mwonye, ndiyo. Mshike, ndiyo, kwa mkono uleule uliomlea vizuri tangu mwanzo. Mungu aliyemlinda alipokuwa anatambaa hajastaafu. Ukitoka hapa leo, nenda ukamrudishie simu yake, kisha mkae mle pamoja.