Mkono Uliobaki Mweupe

Mzee Mshana alikipiga kufuli kisima cha kijiji, watoto wakawa wanakunywa maji ya mtaroni na kuharisha. Nakijwa, fundi wa kuchora kuta, alipomwomba ukuta wa duka lake achore picha ya kuwaonya watu juu ya maji machafu, mzee alikuja juu.

"Ukuta wangu nichorwe mimi! Tena bure, na nipendeze."

"Sawa, babu. Ila mimi huchora ninachokiona tu."

Akamchora, kanzu na bakora. Siku ya gulio watu walijaa kutazama, wanawake wakiwa na ndoo, kama Nakijwa alivyowaagiza. Mzee alitabasamu mpaka alipouona mkono wake mmoja pichani haujapakwa rangi.

"We binti, mbona hujaumaliza?"

"Nakusubiri wewe, babu," Nakijwa alijibu kwa sauti ya kusikika gulio zima. "Umeshika nini? Nichore kufuli au ufunguo?"

Mzee alizitazama ndoo za wanawake.

"Chora ufunguo."

"Siuoni."

Mzee alipapasa mfukoni, akautoa, akauinua juu.

"Sasa nimeuona," alisema Nakijwa, akauchomoa vidoleni mwake na kuwarushia wenye ndoo.