Sindano za Kalunguyeye

Ukimwona Nungunungu leo utadhani alizaliwa hivyo alivyo. Hata kidogo. Enzi zile, wanyama walipokuwa bado majirani wa kuombana moto na chumvi, mgongo wake ulikuwa laini kuliko wa sungura, na wanawe wawili, Kunde na Choroko, waliulalia kama godoro. Hakuwa na ugomvi na mtu. Kitu kimoja tu kilimtesa, nacho ni chafya.

Haikuwa chafya ya mafua, ya kuja na kwenda. Nyasi zilipotoa maua na vumbi lake la manjano likaanza kupeperuka, macho yalimwasha, pua ikamchuruzika, akapiga chafya tangu kunapambazuka hadi jua linazama. Mwanzoni majirani walimwitikia "Afya," kama ilivyo adabu. Msimu wa pili walichoka wakanyamaza. Msimu wa nne Chui, aliyekuwa akilitafuta shimo la Nungunungu miaka yote asilione, hakuhitaji kutafuta tena. Alifuata chafya mpaka mlangoni, akaingiza mkono, na ukucha wake ukampasua Choroko sikio.

Siku ileile Nungunungu aliwavusha wanawe kijito, akawaacha kwa shoga yake Ndezi, ndani ya matete. Wakakubaliana kwamba watoto watarudi siku ambayo nyasi zitatoa maua na mama yao asipige chafya. Ndezi hakuwa na roho mbaya, alisema lililo kweli: chafya ingemleta Chui tena. Nungunungu akarudi peke yake, na shimo alilolichimba kwa mikono yake likamwia kubwa mno.

Mganga wa magonjwa sugu alikuwa Bi Kalunguyeye, kabibi kafupi, mkavu wa maneno. Wakati huo naye mgongo wake ulikuwa mtupu. Sindano zake alizihifadhi ndani ya kibuyu: ndefu za mianzi, zenye mabaka meusi kwa kupitishwa motoni, na fupi za miiba ya mgunga. Alimshika Nungunungu kiganja akasikiliza mapigo ya damu, akatazama ulimi, akamuuliza analalaje na anakula nini. Kisha akamchoma sindano saba, pembeni mwa pua, masikioni, viganjani na moja mguuni, akamwamuru atulie mpaka viazi vilivyokuwa jikoni viive. Vilipoiva, alizichomoa moja moja kwa mkono uleule uliochoma. Huo ndio ulikuwa mwiko wa kazi yake: mkono uliochoma ndio uchomoe, na mgonjwa hajichomi.

Nungunungu aliuliza itachukua muda gani.

"Umepiga chafya misimu minne," Kalunguyeye akamjibu. "Mimi nipe mmoja. Uje kila siku ya gulio, sindano saba, basi."

Akawa anakwenda. Gulio la kwanza hakuona kitu. La pili alilala usingizi mzuri. La tatu macho yaliacha kuwasha, na chafya zikapungua kwa nusu. Kwa furaha akavuka kijito kwenda kuwaona watoto, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Choroko alikuwa amejikwaa kwenye tete, na kwa kilio chake alimwita mama. Nungunungu akakimbia na mikono wazi. Mtoto akampita, akajitupa kifuani kwa Ndezi.

Iliuma. Iliuma kuliko ukucha wa Chui, na njia nzima ya kurudi alikuwa akipiga hesabu ya mtu mwenye uchungu. Kama sindano saba zimeondoa nusu ya chafya, kibuyu kizima kitaondoa yote kwa siku moja. Hesabu hiyo wengi wetu tumeipiga, tukamaliza dozi ya wiki kwa jioni moja. Tusimcheke sana.

Kesho yake Kalunguyeye alipokwenda kisimani, Nungunungu aliingia akabeba sindano zote ndefu. Za miiba hakuzitaka, aliziona fupi mno. Shimoni kwake, mkono wake haukufika mgongoni hata aupinde vipi. Basi akazisimika ardhini, ncha juu, shamba zima la sindano, akafumba macho, akajilaza chali.

Kimya. Pua ikanyamaza, wala chafya haikuja. Akainuka na sindano zote mgongoni, akavuka kijito huku zikigongana chakacha-chakacha, akatangaza kwamba amepona. Kunde alifurahi, akarukia mgongo wa mama yake kama zamani. Alilia kilio ambacho Nungunungu hakuwahi kukisikia, hata siku ya Chui. Na katikati ya kilio hicho, mama mtu akapiga chafya.

Alimwendea Kalunguyeye bila kuficha neno. Bibi yule hakugomba. Alimzunguka, akatazama, akatikisa kichwa.

"Nizichomoe kwa mkono gani?" akauliza. "Hizi hazikuchomwa na mkono. Umezilalia mwenyewe, zimeota, zimekuwa miiba."

"Wanangu je?" Nungunungu akasema. "Nitawashikaje?"

Kalunguyeye alimpapasa shingo taratibu mpaka pumzi ikamshuka. Pumzi iliposhuka, miiba nayo ikalala, mmoja baada ya mwingine. Akamwonyesha: ukiwa na haraka au hasira itasimama, ukitulia italala, na mtoto atakukaribia kwa mbele. Akamwambia pia kwamba miiba itadondoka yenyewe kwa wakati wake, na kila unaodondoka ni mali ya mwenye kibuyu, aurudishe. Kisha akachukua sindano saba katika zile fupi zilizobaki, akamchoma usoni na viganjani, na kubandika viazi jikoni.

Safari hii Nungunungu hakukosa gulio hata moja. Alilala akatulia, viazi vikaiva, akaondoka. Nyasi zilitoa maua, vumbi la manjano likapeperuka, na pua yake ikawa kavu. Ndezi mwenyewe aliwavusha watoto kijito. Kunde alisita mlangoni. Mama yake akakaa chini, akashusha pumzi mpaka mgongo mzima ukalala, akanyoosha uso. Choroko ndiye aliyetangulia, akaweka pua yake kwenye pua ya mama yake, wakakaa hivyo. Chui alipokuja jioni kuonja bahati yake, Nungunungu alimgeuzia mgongo. Chui alitoka na miiba mitano kwenye shavu, akaacha kupita njia ile.

Na tangu siku hiyo Nungunungu hutembea na miiba, yenye mabaka meusi ya moto wa Kalunguyeye. Wanawe huzaliwa na miiba laini kama nywele, ili mama apate siku chache za kuwakumbatia kabla haijakauka. Kalunguyeye naye, kwa kuogopa kuibiwa tena, alizivaa mgongoni zile fupi zilizobaki, na ukimgusa hujikunja kama ngumi kulinda mali yake. Waganga wa sindano mpaka leo huchoma chache, wakakwambia urudi wiki ijayo, na ukiwaomba waongeze hukutazama tu.

Ndiyo maana ukipita porini unaweza kuukuta mwiba mmoja umelala njiani, safi, haujavunjika. Uache hapohapo. Una mwenyewe, na anayeurudisha amechoka tu kidogo, atapita kuuchukua.